Nyuzi za Ghorofa ya Tatu

Miaka kumi na tisa nilifuma humu humu,
ghorofa ya tatu, dirisha la pili toka ngazini,
pamba masikioni, tukisomana midomo,
maana mashine mia mbili zikinguruma pamoja
hakuna neno litokalo kinywani likafika.
Kisha kiwanda kikafa. Łódź ikanyamaza.
Wakaja wenye vioo, na mtambo wa kahawa wa kuringia,
nami nikarudi na ndoo, zamu ya usiku,
kwenye matofali yale yale mekundu.

Sasa wamo vijana, nao wanazungumza nyuzi!
Usiku wa kwanza nilisimama na dekio mkononi.
"Uzi umekwama," Gniewko analalama,
"umemshika mwenziwe, naye kaushika,
kila mmoja angoja mwingine aachie."
Nikasema moyoni: hilo nalijua, mwanangu,
hilo fundo, hilo hukatwa kwa jino.
Nikachungulia chini ya meza.
Hapakuwa na uzi hata mmoja.

Wana wadudu pia. Wadudu wasiotambaa.
Sisi tulikuwa na nondo wa sufu,
tukiwafukuza kwa lavenda na magazeti ya zamani;
wao huwinda wa kwao hadi saa tisa, macho mekundu,
na mbaya kuliko wote, kaniambia Jagna,
ni yule atowekaye ukimtazama,
ukigeuza shingo anarudi kutafuna.
(Nilikuwa na mume wa namna hiyo.)

Kazi iliyovurugika huiita tambi.
Nikauliza, nani kazipika? Wakacheka mpaka wakakohoa.
Kazi ya waliotangulia huiita urithi,
kwa uso wa mtu aliyerithishwa deni.
Viraka, hivyo navijua:
kiraka juu ya kiraka, na chini kabisa
kitambaa ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Mezani pa Ziemowit pana bata wa mpira, wa njano.
Akikwama humsimulia bata, mstari kwa mstari,
na bata, kwa kuwa hajui lolote, humsaidia.
Juzi bata alipotea.
"Mama, keti kidogo," akaniambia. "Huhitaji kuelewa."
Nikaketi. Nikawa bata.

"Mzazi huzaa watoto," akaanza,
"watoto hutumwa kazi, humaliza, hufa.
Lakini huyu hapa kafa, na namba yake ingali orodhani.
Hali, hapumui, hatumii chochote. Twamwita zombi.
Kumuua hauwezi, alishakufa."
Bata haulizi. Mimi nikauliza:
"Na mzazi akitangulia kufa?"
"Yatima huchukuliwa na namba moja,
yule wa kwanza kabisa, asiyelala mpaka mtambo uzimwe."
Nikajikuta nimepiga ishara ya msalaba.
"Basi huyu zombi, anangoja nini?"
"Angoja mzazi aulize aliishaje.
Akiuliza tu, na akajibiwa, jina linafutwa, linapumzika..."
Akanyamaza. Akajipiga kofi la paji.
"Kumbe mzazi hakuuliza!"
Akanibusu mkono, akageukia kioo chake, akaandika,
na mimi sikuwepo tena.

Nilideki nusu ya ukumbi.
Nusu nyingine niliiachia nyayo zao.

Nyumbani, nyuma ya kopo la sukari,
ipo bahasha toka Rotterdam, ina muhuri wa serikali,
imekaa tangu Machi.
Jina langu limeandikwa kwa mashine, bila kosa,
na mgeni pekee aishiye huko ninayemjua ni Radek wangu,
ambaye namba yake ingali simuni, juu ya namba ya fundi bomba.
Naipangusa vumbi kila Jumamosi.
Sikuwahi kuuliza.

Tramu ya kwanza hupita saa kumi na nusu.
Mfukoni mwa aproni ninao mkasi wangu wa kiwandani,
mdogo, wa kukatia ncha za nyuzi.
Bado una makali.